Vidonge Vilivyofichwa Kibuyuni

Mwangaluka, mayu, mama yangu.

Kabla hujauliza: nakula, nalala, na soksi navaa mbili mbili, maana baridi ya huku Ujerumani haina adabu. Wewe je, goti limepona? Pamba mmemaliza kuchuma?

Najua anayekusomea ni Kabula, mdogo wangu, na tumbo lake hilo. Kabula, usiruke neno.

Mama, juzi Kabula alinitumia ujumbe, nikacheka mpaka wenzangu wa maabara wakaja kunitazama. Halafu nikaingiwa na hofu. Eti vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki umemnyang'anya, umevificha kwenye kibuyu cha zamani cha samli. Eti, "Masanja kasoma, kasema chuma kinaua mapafu. Na hivyo vidonge ni chuma." Mama! Siku ile nilipokupigia simu, mtandao ulikatika sijamaliza sentensi!

Ngoja niimalize. Kila chembe ya mapafu imezungushiwa utando wenye mafuta. Chuma kikizagaa ovyo humo, mafuta yanachacha na chembe inakufa. Tunachunguza kama moshi nao unaharibu mapafu kwa njia hiyo. Wewe ulilijua mapema, ndiyo maana samli yako huiweki kwenye kopo lenye kutu, isije ikachacha. Nilipowasimulia, profesa wangu akaandika "kuchacha" ubaoni, na sasa maabara nzima inalitamka vibaya.

Lakini ng'ombe akiwa shamba la jirani ni hasara, akiwa zizini ni maziwa. Chuma cha vidonge kinaingia kwenye damu, na humo kiko zizini. Kabula damu yake ni pungufu, na siku zake zimekaribia. Akijifungua hivyo hivyo, tunaweza kumpoteza. Hilo ndilo linaloninyima raha, Mama. Cha kuogopa hapo nyumbani ni moshi wa jikoni, acha mlango wazi.

Sasa Kabula, ukimaliza mstari huu nyamaza kidogo. Mama, nenda kwenye kibuyu. Mpe kimoja, kwa maji, siyo chai. Nasubiri.

Haya. Nisalimie mjomba, muuza dagaa wa Lamadi, na shemeji yangu, baba wa huyo anayekuja. Na bibi wa Zagayu, ambaye nahisi ndiye aliyekuonyesha hicho kibuyu.

Mwanao wa sentensi nusu,
Masanja

Mama, umeshampa? Kama bado, Kabula, anza kusoma upya kutoka juu.