Milango Inayotazamana

Mulund Mashariki,
14 Juni 2018

Kwa Shangazi Vasudha,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si rafiki yangu wa dawati moja: natamani nyumba yetu ibomolewe. Wenzangu wanaomba wafaulu mtihani. Mimi kila asubuhi nasimama mbele ya picha za miungu na kuombea tingatinga.

Hujambo huko Ratnagiri? Wote wa nyumbani kwako hawajambo? Sisi wazima, goti la Bibi tu ndilo linamsumbua mvua zikianza.

Hunijui. Mimi ni Ketaki, mtoto wa kaka yako Shrikant, nina miaka kumi na mitano. Ulipoondoka sikuwa nimezaliwa. Anwani yako nimepewa na mama mkwe wako, Bibi Tandel. Alinipitishia juu ya ukuta unaotutenganisha nao, kati ya vile vipande vya chupa, tukaachana kama wezi. Simu yangu Baba ameifungia kabatini mpaka mtihani wa darasa la kumi upite, ndiyo maana naandika kwa mkono. Shuleni ni Kiingereza kitupu, kwa hiyo Kimarathi changu cha kuandika kina makosa. Usinicheke.

Jengo letu la Udayachal limechoka, Shangazi. Jumanne kipande cha dari kiliangukia sufuria ya dengu, Mama akashukuru kwamba wali ulikuwa umefunikwa. Sasa amepatikana mkandarasi, lakini kiwanja chetu peke yake ni kidogo, na cha Nandadeep, jengo la upande wa pili wa ukuta, peke yake ni kidogo. Hagusi kimoja bila kingine. Vikiunganishwa, linasimama jengo la ghorofa kumi na tisa. Kwa hiyo ushirika wetu wa wakazi na ushirika wao, ambao hawajawahi kukubaliana hata nani afagie uchochoro, wanakaa meza moja. Mimi huwa nagawa chai kwenye hiyo mikutano huku nikitazama chini, lakini masikio yangu hayatazami chini.

Mkandarasi alileta mfano wa jengo, na miti ya sponji. Nimeona chumba changu. Ni kidogo kama kiberiti lakini kina mlango. Mlango, Shangazi. Sasa hivi nalala sebuleni na Bibi, na hata nikitaka kulia lazima nisubiri aende kuoga.

Wamekubali wote isipokuwa mtu mmoja. Baba ndiye katibu wa Udayachal, anapita nyumba hadi nyumba akiwabembeleza watu, na huyo mmoja aliyebaki ni mama yake. Bibi anasema hapandi lifti moja na watu wa samaki, yaani wa Nandadeep, atashuka ananuka kama soko. Mkandarasi amesema tusipokubaliana wote kabla ya sikukuu ya Diwali anahamia mtaa mwingine. Hataki kesi.

Wewe ni binti yake. Nini kinambadilisha?

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Ketaki


Ratnagiri,
3 Julai 2018

Mwanangu Ketaki,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni mpaka mchuzi ukaungua, mume wangu Hemant akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, kuna aliyezaliwa miaka kumi na mitano iliyopita na leo ndiyo kafika. Sisi tu wazima. Mvua inatupiga kama inatudai.

Hao watu wa samaki ni mimi ninayesemwa, usijali. Niliolewa na kijana wa upande wa pili wa ukuta, na mama yangu akaona nimehamia mwisho wa dunia, kumbe nimevuka hatua thelathini; huku Ratnagiri tulikuja baadaye. Tangu siku ile hatujasemezana. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze, na sote wawili tumerithi kichwa kimoja.

Nikuungamie na mimi. Niliposoma neno "kubomolewa" niliumia. Nikikosa usingizi huwa narudi kwenye nyumba ile kichwani, naingia chumba kimoja kimoja nikizima taa. Halafu nikafikiria wewe na hicho kiberiti chako chenye mlango, nikajiona mchoyo. Ibomolewe.

Kuhusu Bibi yako: habembelezwi. Ukimwomba anakaza. Lakini mama yangu hawezi kukaa kitako kazi ikiharibiwa mbele ya macho yake. Ataacha ugomvi wowote aende akairekebishe, kisha atarudi kwenye ugomvi wake. Zaidi ya hapo sijui.

Usimwambie kwamba tunaandikiana. Soma, mtihani haungoji.

Shangazi yako,
Vasu


Mulund Mashariki,
24 Septemba 2018

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mume wako, na paka uliyemtaja pembeni ya bahasha. Nisamehe ukimya. Nilikuwa na mitihani, halafu nikakukasirikia, halafu ikapita. Nitakueleza.

Unakumbuka kila mwaka sikukuu ikifika kulikuwa na sanamu ya Ganpati wetu na ya Ganpati wao, na vipaza sauti viwili vimetazamana kama majogoo. Mwaka huu kamati ziliamua tuwe na mmoja, watu wajaribu kuishi pamoja kabla ya kuhamia jengo moja. Turubai lilipokuwa kubwa kuliko uwanja, ikabidi tundu litobolewe kwenye ukuta. Baba na katibu wa Nandadeep walibishana nani apige nyundo ya kwanza, mwishowe wakapiga pamoja, vumbi likawaingia machoni wote wawili. Nilicheka kwa sauti mbele za watu. Mimi.

Wanawake wa Nandadeep wakakaa chini ya turubai kutengeneza modak za sikukuu, maandazi ya unga wa mchele yenye nazi ndani. Bibi alikuwa roshani anatazama. Nilimwona anavyokunja uso. Akasema zile si modak, ni mifuko ya vitunguu, zina mikunjo sita tu, na zikiingia kwenye mvuke zitapasuka nazi yote itoke. Mama akamwambia awaache. Shangazi, alishuka. Na lile goti. Akapita kwenye tundu la ukuta kama amepita hapo maisha yake yote, akaketi karibu na Bibi Tandel bila hata salamu, akamnyang'anya donge la unga wa mchele.

"Lowesha kidole. Hivi. Nani alikufundisha kukunja hivyo?"

"Binti yako alijaribu," Bibi Tandel akamjibu. "Yeye anakunja kama wewe. Sisi ndio wazito."

"Alijaribu lini?"

"Kila Mei akija. Huwa anapitia geti la nyuma, giza likishaingia, usije ukamwona."

Nilikuwa nimeshika sinia la nazi. Kila Mei! Hapo ndipo nilipokukasirikia. Mimi najifunza historia kwenye taa upande huu, na wewe uko upande ule unakula. Bibi aliendelea kukunja modak aliyokuwa ameishika, akaongeza mkunjo, akaongeza tena, mpaka ikachanika mkononi.

Nilidhani basi, yamekwisha, sasa hatakubali kabisa. Nilikiaga chumba changu.

Jana ulikuwa mkutano wa vyama vyote viwili vya ushirika. Ramani ya mkandarasi ina mabawa mawili, letu na lao, kila moja na lifti yake, na wote walikuwa wameifurahia sana kimyakimya. Bibi akasimama. Chai ilikuwa mkononi mwangu, nikaimwaga kwenye ndara za mwenyekiti.

"Nitakubali," alisema. "Lakini mlango wangu utazamane na wa huyu mama."

Baba akajaribu kumweleza kwamba sisi tuko bawa la mashariki.

"Shrikant, kaa. Binti yangu akija kwa mama mkwe wake, hakuna tena habari ya geti la nyuma. Lifti ikifunguka, anione."

Kuna mtu nyuma akamchokoza kuhusu samaki.

"Nitaziba pua. Nimeziba mdomo miaka yote hii, pua itanishinda?"

Bibi Tandel akapinga, akasema hataki jirani wa kumwamsha alfajiri kwa kengele za maombi. Lakini alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya sari, na kila mtu aliona. Kisha vurugu. Wengine wetu wamesema ramani ikivunjwa wanajitoa. Wengine wa Nandadeep wamesema nao wanataka kuchanganywa, kuna mzee anataka kuwa karibu na mwenzake wa karata. Mchoraji amechukua ramani yake akaondoka ameshika kichwa. Kura ni mwezi ujao. Sili vizuri kwa furaha na hofu.

Siwezi kukuuliza mimi utakuja lini, naona haya. Lakini umesikia alichosema.

Mtoto wa kaka yako,
Ketaki


Ratnagiri,
9 Oktoba 2018

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Aliyasema hayo mbele ya watu? Amesimama? Hemant alinisomea kwa sauti ili nihakikishe, kisha akatoka nje akakaa na paka.

Una haki ya kunikasirikia. Nilikuwa nakuona. Dirisha la jikoni la mama mkwe wangu linatazama meza yako. Unatafuna kalamu.

Usiniulize tarehe. Kuingia kwa nyuma nimekuzoea, mlango wa mbele unanitisha. Acha niwaze.

Shangazi yako


Mulund Mashariki,
4 Novemba 2018

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima wote, na safari hii nasema kweli, hata goti.

Imepita! Walihesabu mikono mara mbili kwa sababu mzee wa karata alinyoosha yote miwili. Mabawa yamefutwa, vyama viwili vitakuwa kimoja, bado wanagombania jina. Ghorofa ya sita: sisi akina Limaye kushoto, akina Tandel kulia, milango uso kwa uso. Baba aliporudi alikaa sakafuni na viatu vyake, akacheka peke yake. Baada ya Diwali tunahamia nyumba ya kupanga, na tingatinga langu linakuja Januari. Nyumba imejaa maboksi. Bibi anafunga vyombo na kufungua tena ili avifunge vizuri zaidi.

Sasa nakwambia kitu ambacho ana kwa ana nisingeweza. Nimekuwa nikifanya mazoezi mbele ya kioo jinsi nitakavyokusalimia siku ukija. Nafika "Shikamoo Shangazi," halafu naishiwa. Sijui uso wako. Nimekupa uso wa Baba bila masharubu. Nimepanga nikuonyeshe pale dari ilipoanguka, na mahali pa kitanda chako, kisha nikuambie kwamba barua zako ndizo

Kuna watu kwenye ngazi. Ndara za Bibi nazijua. Wa pili amevaa viatu, anapanda polepole, anasimama kila baada ya ngazi chache. Bibi anagomba, lakini anagomba vile anavyomgombeza mtu wake: "Vasu, shika ukuta, hiyo imemeguka. Hawatengenezi kitu, si wanabomoa." Na huyo mwingine anacheka, au analia, kutoka hapa siwezi kujua.

Wamefika ghorofa yetu. Ufunguo wa Bibi unatafuta tundu.

Shangazi, naificha karatasi hii, usije ukaiona.