Kisima Kimoja, Kamba Mbili

Kwa kaka yangu Panisko, mzee wa kanisa la Arsinoe.

Kabla ya yote nakuombea kwa Bwana uwe mzima, wewe, wifi yangu Thermuthi na watoto. Mimi huku Aleksandria sijambo, na mguu umepoa. Tende zenu zimefika, Mungu awazidishie.

Najua umesikia kwamba mwalimu wangu Nikanori aliitwa mbele ya wazee. Sasa sikia kwangu niliyekuwepo. Jumapili, baada ya sala, mzee Hieraki alinyanyua gombo la mwalimu akasoma kwa kebehi maneno yaliyowaudhi: kwamba kisima cha kweli ni kimoja, manabii waliteka kwa kamba yao, Plato kwa yake, na maji yenyewe ni Kristo. Akauliza, "Haya babu, huyo Plato ndiye aliyesulubiwa kwa ajili yako?" Watu wakaangua kicheko. Mwalimu, ambaye macho yake yamezimika mwaka wa tatu huu, akanyamaza. Wakamwambia ayakane maneno yale, la sivyo asiguse tena mkate wa Bwana. Kimya vilevile.

Uvumilivu ukanishinda. Nilisimama katikati ya wanaume, nikamwambia Hieraki kwamba Sokrate alikunywa sumu asiikane kweli, ilhali yeye, askari walipobisha hodi mwaka jana, alimkana Kristo hata kabla hawajaingia ndani. Akafoka, "Mfuma kitani wewe, nani kakupa mdomo?" Nikamjibu kuwa ni yuleyule aliyempa yeye masikio.

Kaka, lililobaki ni zito, nami sitalizunguka. Maneno yale si ya Nikanori. Ni yangu. Tangu apofuke mimi ndiye mwandishi wake, na siku moja aliniambia, leo andika unayowaza wewe mwenyewe. Alinyamaza ili anikinge. Niliwatangazia wote palepale, mwalimu akalia, nasi tukatengwa wote wawili.

Ile barua ya wazee iliyotangulia siku ile, inayoliita gombo hilo kazi ya mpumbavu ina jina lako chini yake. Hukujua kwamba maneno ni yangu, sasa umejua. Wamenitaka nilichome kwa mkono wangu. Kwa mkono huohuo nimelinakili, na nakala nimeifunga pamoja na barua hii. Isome hadi mwisho, kisha ukitaka kuniita mpumbavu, niite kwa jina langu.

Nibusie watoto mmoja mmoja. Mwalimu anakusalimu, wala hana kinyongo nawe. Bwana akulinde.

Mimi dada yako wa tumbo moja,
Tausiri