Baraza la Florence

Kilburn, London

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo, na salamu za mapenzi zikufikie popote zitakapokukuta, jikoni au kitandani. Natumai goti lako limepoa na watoto hawajambo. Sisi huku wazima, ila baridi hatujaizoea na yenyewe wala haituzoei. Ningekupigia simu, lakini haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, na wewe utalia, na kadi itakwisha hatujasema kitu.

Tumerudi juzi kutoka Italia, mimi na baba. Usishangae. Tangu mama atutoke nikamchukua baba kuja kukaa nami, amekuwa mtu wa dirishani. Anasali, anakunywa chai, anakaa kwenye kiti chake anatazama mabasi. Ukimuuliza, "Umeamkaje, baba?" anajibu, "Alhamdulillahi," basi, ndiyo mazungumzo ya siku. Nilimpeleka Edgware Road akanywe kahawa na Waarabu, akasema kila mtu pale ana haraka. Ndipo nikakumbuka alivyokuwa akisomesha historia, akituchorea mnara wa Pisa ulioinama kwa chaki mpaka mkono mweupe. Nikasema nimpeleke akaone kwa macho yake.

Tulianzia Roma. Lile jengo la mviringo walimokuwa wakipiganisha watu na wanyama alilizunguka lote na bakora yake, mimi nyuma na chupa ya maji. Mwisho akasema, "Wenzetu magofu yao wanayakatia tiketi. Yetu yanatuangukia." Pisa akatabasamu kidogo: "Fundi wa mnara huu angekuwa wa kwetu, angehama mtaa." Nikafurahi, nikadhani hapo ndipo penye raha yote ya safari.

Kisha tukafika Florence. Nilikuwa nimekata tiketi za kwenda kuona masanamu yao mashuhuri, tuko kwenye foleni. Nageuka, baba hayupo! Nikaiacha foleni, nikaanza kumtafuta. Nilimkuta mtaa wa pili, ubavuni mwa kasri moja kubwa la mawe. Chini ya ukuta wake, dada, kuna baraza. Baraza khasa, la mawe, limeambaa na ukuta mwanzo mpaka mwisho, kama lile la nyumba yake unayomtunzia huko kwetu Mkunazini. Baba kakaa kitako, bakora katikati ya miguu, kofia kaisogeza nyuma, kila anayepita anamsalimia. "Salaam aleikum. Salaam aleikum." Wengine wanaitikia kwa kichwa, wengine wanacheka na kupita.

Akaja mzee wa Kitaliani na mfuko wake wa mboga. Baba akajongea, akapigapiga jiwe. "Karibu yakhe, kaa kitako."

Na yule mzee akakaa! Baba anasema Kiswahili, mwenzake Kitaliani, wanaonyeshana magoti, wanalilalamikia jua, wanawasengenya watalii waliovaa nusu uchi. Hilo halikuhitaji mkalimani.

"Baba, tiketi zetu," nikamwambia.

"Masanamu hayendi popote, mwanangu. Hebu tuache tuzungumze."

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Kicheko kile sijakisikia tangu mama yuhai. Nilisimama pale nimefurahi na nimeumia, maana nyumbani kwangu, pamoja na hita na zulia na kila kitu, hajapata kucheka hivyo hata mara moja.

Mzee wa watu alipoaga na mboga zake, baba alimtazama mpaka akapinda kona. Kisha akasema, "Salma, n'naomba ruhusa yako. N'nataka kurudi kwetu."

"Baba, wewe ndiye wa kuniomba mimi ruhusa?"

"Nimo nyumbani mwako. Mgeni haondoki hivi hivi, huaga."

Mgeni, dada! Miaka yote hii namwekea mto mgongoni, kumbe yumo ugenini. Moyo wake unataka dawa, hilo wewe unalijua, na daktari amekubali kumpa za miezi kadhaa. Tafadhali mtafutie daktari mzuri huko. Lakini mimi ninachokiogopa ni alfajiri. Namsikia akisoma Qur'ani chumba cha pili, najiona bado nina wazee. Sijui nyumba itakuwaje bila sauti ile. Nilimwambia, "Ruhusa unayo, baba." Akanivuta mkono, nikakaa naye pale barazani.

Anakuja kabla ya Ramadhani, Inshallah. Nisalimie shemeji Othman, mume wako mvumilivu, na shangazi Bi Saada, ambaye sasa atampata kaka yake wa kubishana naye. Hemed wangu anakusalimu sana, na watoto wanakusalimu kwa Kiingereza chao.

Sasa hivi baba kapita hapa mezani, kaniuliza namwandikia nani. Nimemwambia namwandikia Zuwena, ajitayarishe kupokea mgeni.

"Mgeni gani?" kasema. "Mwambie mwenye nyumba anarudi."

Mdogo wako akupendaye,
Salma