Divai Ambayo Sikuionja

Uvira, 12 Aprili 1964

Shangazi mpendwa,

Unisamehe nikianza na sauti kabla ya salamu. Ni sauti ya kizibo kikitoka kwenye chupa ya divai. Nilikuwa bado mwanafunzi wa masista, nimebeba sahani siku ya sikukuu, na mlango wa chumba cha mapadre ulikuwa wazi kidogo. Pup! Halafu watu wazima wakacheka. Wakati ule mtu mweusi alikatazwa kununua kitu kile. Sauti ile haijanitoka.

Sisi hatujambo. Baba bado anakohoa, ndagala zinapatikana ziwani, shule ninayofundisha inaendelea ijapokuwa wazazi wengi wa Sange, kule bondeni, wamewaita watoto wao nyumbani. Na weye, magoti yako?

Nakuandikia kwa sababu ya mchumba wangu, Thaddée. Wamemwachisha ukarani kwenye ghala la pamba, na sasa anashinda na vijana wa bondeni wanaosema watachukua silaha. Nikimsihi asiwafuate, anajibu: «Mwalimu, uhuru uliwafikia nyinyi wenye kalamu tu.» Naogopa ataondoka.

Siku watu wake walipoleta kasiksi, ile pombe ya ndizi ya posa, mimi nilikuwa jikoni. Mtungi ulizunguka kwa wanaume wote na sikuonja hata povu. Nataka kumpa chupa inayotoka kwangu mwenyewe, tuinywe sisi wawili tu, aone kwamba nyumba yetu imekwisha kuanza. Wewe uko karibu na maduka ya Bujumbura. Nichague nini: divai, konyaki au wiski? Basile, yule dereva, atakuletea bahasha yangu ya pesa.

Mtoto wako,
Apollinarie

Bujumbura, 22 Aprili 1964

Mwanangu,

Minye niko salama, magoti ndiyo yamekataa kazi. Baba yako achemshiwe majani ya mpera, na asijifanye kijana. Barua yako niliisoma nikacheka. Tangu lini binti wa kwetu anamchagulia mwanaume pombe? Lakini nilivaa kitenge kizuri nikaenda dukani kwa Mgiriki.

«Mama, chupa iko ya nani?»

«Ya mkwe wangu.»

«Mkwe mzee?»

«Kijana, na ana hasira.»

«Basi wiski hapana. Wiski itamwongezea.»

Nikamwonyesha konyaki. Akasema ile iko ya watu waliooana zamani, waliochoka kuongea. Mtu huyo ana mdomo! Nimekuchagulia divai nyekundu, tamu, ya Ureno. Shingo yake imefunikwa nta, hakuna mkono ulioigusa ndani.

Sasa sikia. Uifungue mbele ya macho yake, weye uonje kwanza, ndipo umpe. Kwetu, mtu asiyeonja kile anachotoa ni mgeni au ni adui. Hili masista hawakukufundisha, kwa hiyo nakufundisha minye.

Shangazi yako,
Agathe

Uvira, 24 Mei 1964

Shangazi mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi tuko wazima, ndilo naweza kusema. Umesikia kwamba askari wa serikali wamekimbia na mji uko mikononi mwa vijana. Wanapita na majani ya dawa kichwani, na baadhi yao niliwafundisha kusoma.

Chupa ilifika salama. Thaddée hakuwepo. Alikwisha kuwafuata bondeni, bila kuniaga. Nilikaa kitandani na kizibuo mkononi nikikumbuka maneno yako, lakini kuonja peke yangu nyuma ya mlango niliona kama wizi. Nikampa Charlotte, dada yake, aliyekuwa anaenda kuuza muhogo Sange. Nilimwambia: «Mwambie arudi nayo, tuifungue pamoja.» Baadaye nilijilaumu. Nilifikiri atasema nimempelekea chupa bila kuonja, kama mtu baki.

Juzi Charlotte amerudi, akanikumbatia mlangoni. «Wifi, uko na bahati weye!»

Shangazi, mganga wao amewaosha kwa maji ya dawa. Wanaamini risasi ikiwafikia inageuka maji. Lakini anayekula au kunywa kitu kilichoonjwa na mwanamke, dawa yake imekufa. Mganga aliigeuza chupa yangu juani, akaitazama nta, akasema ni safi. Thaddée akainywa. Ametuma neno moja: «Asante kwa kutoonja.»

Amepigana mara mbili na hana hata mkwaruzo. Kila mara anaamini zaidi, na kila mara anasimama mbele zaidi. Mimi nafundisha watoto hesabu na sayansi, najua risasi ni nini. Nilitaka chupa imrudishe nyumbani, nayo imempa moyo wa kwenda. Niambie la kufanya, nakuomba.

Mtoto wako,
Apollinarie

Bujumbura, 9 Juni 1964

Mwanangu,

Mvuvi aliyeleta barua yako ananingoja nje, naandika haraka. Huku tuko salama. Mpaka umefungwa na Basile haendeshi tena.

Nimeomba, nimefikiri, nimemuuliza hata jirani bila kutaja jina. Naona njia moja tu. Mchukue Baba yako mvuke ziwa mje huku. Mwanaume mzima hafungwi kamba.

Shangazi yako,
Agathe

Uvira, 16 Agosti 1964

Shangazi mpendwa,

Sijui kama mvuvi atakubali kubeba karatasi hii. Natumaini unalala vizuri kuliko sisi. Baba amekataa kuvuka, anasema hafi katika nchi ya watu.

Alhamisi malori yalipanga mstari karibu na soko, kupanda Bukavu. Waliotangulia huko barabarani walikutana na bunduki za mashine, na wengi wao hatujawaona tena. Thaddée alikuja kuniaga. Amekonda, lakini uso wake ulikuwa na furaha ya mtu asiyeweza kufa. Alinishika mkono kwa ncha za kucha tu, kwa sababu sheria zao zinawakataza kugusa mwanamke. Akasema: «Mwalimu, nikirudi, chupa nyingine. Ile tutaonja wote.»

Nikasema: «Ile ya kwanza niliionja.»

Akadhani natania. Nikamwambia niliyeyusha nta kwa mshumaa, nikanywa, nikaifunga upya kama masista walivyotufundisha kufunga bahasha. Niliongea kama ninavyoongea mbele ya darasa.

Alitema mate chini. Sévère, rafiki yake, alisikia, akapiga kelele juu ya lori: «Shuka, Thaddée! Mchumba wako amekunywesha mate yake! Unataka utuue?» Wote wakaanza kupiga mbao za lori kwa mikono: shuka, shuka, shuka. Mganga akamvua majani kichwani mbele ya soko lote. Alishuka. Hakunitazama. Malori yakaenda.

Jana wazee wake walitangaza kwamba uchumba wetu umekufa.

Leo asubuhi Charlotte amekuja. Hakuingia ndani, alibaki uani. Alisema kaka yake halali wala hali, na mganga yuko tayari kumwosha tena ikiwa nitakiri kwamba nilisema uongo. Na lori lingine linaondoka kesho. «Wifi, mimi nilibeba ile chupa kwa mikono yangu. Nta ilikuwa nzima. Sema tu kwamba hukuonja, atakusamehe, mtaoana.»

Alikuwa analia. Nilimtazama, nikafunga mikono nyuma.

«Niliionja,» nikamwambia. «Na nilionja mara mbili.»

Mtoto wako,
Apollinarie