Nta ya Kibuyu kwa Injini ya Mama Chebet

Kaplong,
Jumapili baada ya kanisa, 1994

Kwako Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwa majani chai. Mimi ni mzima, na kile kifua cha baridi kimeniacha. Goti lako je? Na Mama, bado anagombana na yule ng'ombe mweupe kila asubuhi? Leo nataka kukuambia habari ya injini moja, maana wewe uliyeendesha malori ya zamani utanielewa kuliko mtu yeyote hapo nyumbani.

Huko Sigor kuna mjane anaitwa Mama Chebet. Ana kinu cha kusaga mahindi, na hicho kinu ndicho kinasomesha watoto wake watatu. Stima haijafika kwake, kwa hivyo kinaendeshwa na injini ya lori, ile aina yenu ya vali kukaa kando ya silinda zikitazama juu, halafu kichwa bapa kinafunika kama kifuniko cha sufuria. Hiyo injini imenizidi umri, Baba, na bado inanguruma.

Mwezi uliopita ilianza kuvuja maji na kukosa nguvu, tukaileta gereji. Mzee Arap Tonui, mwenye gereji na mwalimu wangu, akaona kichwa kimepinda na kemshafti inayoinua vali imelika. Akatoa kemshafti nyingine kwa lori lililokufa. Kisha akaenda Bomet kwa mambo ya mahari ya binti yake, akaniachia kichwa nikipeleke Kericho kwa mtu wa leth, ile mashine ya kukereza chuma, kinyolewe juu juu tu mpaka kinyooke.

Hapo kiburi kikanishika. Nilifikiri kikinyolewa zaidi, nafasi ya moto itakuwa ndogo na injini itapata nguvu. Nikamwambia yule mtu akate, halafu akate tena. Nilitaka Mzee arudi anisifu.

Aliporudi tulifunga kila kitu, akashika hendeli na kuzungusha. Kabla ya kumaliza mzunguko mmoja, ikagota. Hakupiga kelele. Alifungua kichwa, akanionyesha alama mpya inang'aa juu ya vali moja. Kichwa kilikuwa kimeshuka, na ile kemshafti nyingine inainua vali juu kuliko ya kwanza, kwa hivyo vali zilikuwa zinagonga dari ya kichwa. Akaniuliza tulinyoa kiasi gani. Nikasema sijui, aulizwe mtu wa leth. Ni uongo, Baba, na naona aibu kuuandika.

Kichwa kingine kama hicho hakipatikani Kericho wala Nakuru. Unajua vile siku hizi zilivyo tangu yale mapigano ya makabila. Mimi mtu wa Murang'a, nimeua kinu cha mjane wa Kipsigis. Nani angetaka kunisikiliza?

Mzee alisema dawa ni kuchimba dari kidogo pale vali zinapofika. Lakini hiyo dari ni nyembamba, na nyuma yake kuna maji. Ukichimba kidogo mno, vali inapinda. Ukizidisha, unatoboa, na kichwa kinakuwa chuma cha kuuza kwa kilo. Kwa hivyo lazima ujue nafasi iliyoko. Tukaweka gasketi mbili, zile za kuziba kati ya kichwa na injini, ili injini izunguke bila kugonga, na mimi, kujifanya mjuaji, nikabandika ugali wa mchana juu ya vali ili ugandamizwe, tupime unene wake. Kufungua, ugali umenata juu, umevutika na kukatika, haueleweki. Mzee akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ugali inadanganya mtu," akasema. "Leta kitu haina njaa."

Akatuma kwa mke wake kuomba nta ya nyuki, ile wanawake wa huku wanazibia nyufa za vibuyu vya mursik, maziwa yao ya mgando. Aliilainisha kwa viganja, akapaka dari oili ili isinate, akaiweka juu ya vali zote nane, tukafunga, tukazungusha pole pole. Tulipofungua, kila nta ilikuwa imepiga chapa safi. Aliikata kwa wembe akaona palipobaki nafasi na palipokosa. Halafu akakunja waya kama kidole, akaupitisha kwa tundu la maji, akapapasa ile dari kwa nyuma kujua unene wake. Nimekaa na huyu mzee miaka minne, na siku hiyo ndiyo nilijua sijui kitu.

Tulichimba kwa mkono siku mbili, tukipima kwa nta kila mara. Pahali pa saba waya ulisema basi, na nafasi ilikuwa bado haijatosha. Mzee akaweka chombo chini hapo hapo. Akakata gasketi nene ya shaba, ikatuinulia kichwa kiasi kilichobaki.

Tulipoirudisha Sigor tulikuta foleni ya wanawake na mahindi yao. Injini ikawaka kwa jaribio la kwanza, tena kwa sauti tamu. Mzee mmoja wa kijiji akauliza kwa nguvu nani alikuwa ameiharibu mpaka watu wanaenda mbali kusaga. Arap Tonui akajibu bila kugeuka kwamba iliharibiwa kwa gereji yake, makosa ni yake. Baba, hapo nilishindwa kabisa.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi nilisema ikatwe zaidi. Na nilimdanganya."

Mama Chebet alimwaga mahindi ya mtu wa kwanza kwa kinu, akapangusa mikono, akanitazama.

"Basi ni wewe unajua hiyo chuma ni nyembamba wapi," akasema. "Ikiharibika, nitaita wewe."

Alhamisi akanitumia mtu. Niliacha kazi nikaenda mbio, roho mkononi. Kumbe ni mkanda umelegea, kitu ambacho yeye hukaza mwenyewe kila wiki. Nilipomaliza aliniwekea kiti mbele ya kinu, pale foleni yote inaona, akanimiminia mursik, akakaa karibu nami mpaka nikamaliza.

Nisalimie Mama sana, na dada Wambui mwalimu wa chekechea, na mjomba Kamau wa viatu, na shosho umwambie nakula vizuri.

Ni mimi kijana wako, mikono bado ina oili,
Njoroge