Bastola ya Babu na Mdogo Wangu Wendell

Jumamosi, 9 Novemba

Nyonga mpya niliyowekewa hospitalini imekubali ngazi. Hatimaye! Nimefungua kabati la chuma nipange bastola zangu. Kila moja naifungia kikaratasi chenye jina la atakayeirithi. Sina mtoto, na sitaki ndugu wararuane juu ya kaburi langu.

Nikaishika Colt, bastola ya kale ya Babu. Mkono ukaikataa. Babu alikuwa akigongea misumari ya ua kwa mpini wake, ukameguka pembeni. Huu nao umemeguka — ila kwa tupa, nadhifu mno. Namba zimechongwa juzijuzi. Bandia!

Nilipolazwa, funguo nilimwachia mtu mmoja tu. Mdogo wangu Wendell.

Jumapili, 10 Novemba

Nimemkuta kanisani. Ana pikapu mpya, nyekundu, inang'aa kwenye theluji. Akanibusu shavuni. "Dada, kumbe umepona! Nilidhani tutagawana vyuma vyako kama nyama ya kulungu."

Akacheka. Nikacheka naye. Ngumi imekunjwa mfukoni.

Polisi? Hapana. Atalia, watu watasema maskini Wendell. Ndivyo alivyolelewa: akivunja yeye, naokota mimi. Safari hii atakiona cha mtema kuni.

Jumatano, 13 Novemba

Nimepata!

Hiyo bandia nitampa Joelle, binti wa Wendell. Ndiye aliyeniogesha nilipokuwa siwezi kuinama. Anatafuta mtaji wa kliniki ya mifugo. Nitamkabidhi Colt mbele ya ukoo mzima, Sikukuu ya Shukrani, tarehe 28, na mzee Haglund, mthamini wa silaha za kale, awe mezani. Wendell achague: mwanawe afedheheke, au afungue mdomo.

Joelle nitamfidia. Ataelewa.

Ataelewa tu.

Alhamisi, 21 Novemba

Wendell kapiga simu. Eti sikukuu alete mvinyo gani? Nikamwambia alete njaa tu, mengine yapo. Nimeimba jikoni asubuhi nzima.

Alhamisi, 28 Novemba

Naandika chumbani. Wako chini bado.

Bata mzinga alikatwa, sala ikasomwa. Nikaweka kasha mezani mbele ya Joelle. "Mwanangu, hii ya Babu ni yako. Uza, ufungue kliniki." Akalia! Akanikumbatia shingo mpaka miwani ikaanguka. Nikamwambia Haglund aitazame, atutajie thamani.

Haglund akavaa glavu. Wendell akasimama. Kijiko chake kikaanguka.

"Dada, si leo. Watu wanakula."

"Kaa, Wendell. Chukua mkate wa mahindi."

"Nasema si leo!"

"Baba, una nini?" Joelle akauliza. Haglund akaigeuza bastola, akaigeuza tena, akaniangalia kwa huruma. Akasema taratibu kwamba si yenyewe.

Wendell akawa mweupe kama sahani. Akaanza — funguo, deni, aliiweka rehani, alikusudia kuikomboa... Mkewe akafunika uso. Ah, nimeingoja sura ile tangu utotoni! Ilikuwa tamu. Kweli, ilikuwa tamu.

Kisha Joelle akageuka. Si kwa baba yake. Kwangu. Akalitazama kasha, akamtazama Haglund, mgeni asiye ndugu wa mtu pale mezani, akanirudia mimi. Nikasema nyonga inauma, nikapanda juu.

Kuna anayepanda ngazi. Anabisha.

"Shangazi? Ulijua tangu lini?"

Mlango sijaufunga kwa ufunguo. Angeweza kuingia. Amesimama tu.

"Shangazi, nijibu."