Mkwe Wangu Alikuja Kunitoa Kwenye Mlolongo

Dunga, Kisumu

Binti yangu Adhiambo,

Tangu lini mtoto akamwandikia mama yake aende kumpigia chifu magoti? Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikawashia nayo jiko. Ati chifu amemfukuza mumeo kazi kwa sababu yangu, kwa hivyo niombe msamaha. Kaa chini nikueleze, maana Okelo hawezi kukueleza vizuri.

Lakini kwanza, hamjambo huko Katito? Kifua cha mtoto kimepoa? Mvua imefika ama mnaangalia mawingu tu? Mimi niko. Goti linauma, mdomo hauumi.

Sasa sikia. Kabla ya uchaguzi chifu alikuja hapa ufuoni na vijana wa chama, Okelo wako akiwa mbele na rungu. Chifu akasema, "Nyinyi wamama wa samaki, mtu akipanga foleni nyuma ya yule mwalimu anayegombea kiti, asinionyeshe karai lake hapa tena."

Nikamuuliza, "Chifu, samaki ni wa ziwa ama ni wa chama?" Wamama wakacheka ndani ya leso. Yeye hakucheka.

Siku yenyewe tukaenda uwanja wa shule. Unajua kura ya siku hizi haina karatasi, ni kusimama nyuma ya picha ya mtu wako, kila jicho likikuona. Nikasimama nyuma ya picha ya mwalimu. Wamama wakanifuata, mstari ukapinda mpaka kwenye vyoo. Ule wa mtu wa chifu ulikuwa mfupi kama mkia wa mbuzi.

Ndipo chifu akaamuru tutolewe. Vijana wakaanza kuvuta watu mashati. Okelo akaja mbio upande wetu, rungu juu, akaniona. Akakwama kama ng'ombe aliyefika kwa daraja. Mwanamume hamgusi mama mkwe wake, hata karibu naye hapiti. Hilo unalijua.

"Mama, tafadhali toka tu kwa mstari," akasema, akiongea na nyasi.

"Njoo unitoe, mkwe."

Mama Atieno nyuma yangu akamwambia, "Baba, mama mkwe wako amesimama tangu asubuhi. Mletee kiti."

Nikatanua mikono, wamama wakashikana nyuma yangu, na upande wetu hakuna aliyevutwa. Kwingine watu walipigwa, sitakuficha. Mzee mmoja mshona nyavu alivunjwa mkono. Halafu msimamizi akatangaza mtu wa chifu ameshinda. Mstari mfupi umeshinda mrefu, na sisi tumesimama hapo hapo tukiona.

Kesho yake nikakuta jiko langu limevunjwa, mafuta yamemwagwa mchangani. Sasa nakaanga nyuma ya kanisa, na wateja wananifuata huko. Wanaambiana, "Ni huyu, chifu alishindwa kumtoa." Mimi najifanya sisikii, nageuza samaki. Mjane wa shule ya ngumbaru, Adhiambo, na serikali haikunisogeza hata mguu mmoja.

Na mumeo hakuaibika. Siku ile alikuwa mtu, ndiyo maana wamemfukuza. Wewe unalilia kazi ya kupiga mama za watu?

Nisalimie shangazi yako Wilkista, aliyenilelea nyinyi. Nisalimie wajukuu wote, na jirani yako fundi cherehani, mwambie gauni langu bado linabana kwapani.

Okelo asirudi kwa chifu. Mpe jembe alime lile shamba la bondeni. Na wewe, chukua kitambulisho chako uende ukajiandikishe kupiga kura wiki hii, kabla hujaniandikia barua nyingine.

Mama yako,
Dorka